Vigingi Vilitangulia: Wiki Moja Pembezoni mwa Machimbo ya Chokaa, Tanga

Jumapili

Basi limenishusha stendi ya Kange saa kumi jioni, jua la kaskazi bado linachoma. Chumba nimepata Ngamiani, bei ya kawaida, feni inazunguka inapotaka yenyewe. Baada ya Isha tulikaa kibarazani na wenzangu: mwalimu wetu wa akiolojia kutoka Dar es Salaam, wanafunzi wake wawili na afisa wa malikale, yaani mabaki ya kale, aliyekuja kuhakikisha kibali kinafuatwa. Mimi nimeitwa kwa ajili ya ramani na daftari.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna machimbo ya mawe ya chokaa upande wa barabara ya Muheza, na mwenye leseni anataka kupanua shimo kuelekea magharibi, kwenye vilima na kijito. Sheria ya Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi wa namna hiyo, na ndani ya tathmini hiyo kuna kipengele cha malikale. Ndipo tunapoingia sisi: kutembea eneo lote, kuandika kilichopo juu ya ardhi, kuchimba vishimo vya majaribio pale panapotia shaka, kisha kumwambia mwenye mradi wapi apite na wapi asipite.

Mwalimu alitandaza ramani mezani. Vigingi vya mpaka mpya vimeshachorwa, vimepewa namba, na huko porini vimeshapigwa. Akavitazama, akaguna, akaagiza chai.

Jumatatu

Tulianzia ofisi ya kijiji. Hili halina njia ya mkato: barua ikiwa na mihuri kumi, usipopiga hodi kwa mwenyekiti na wazee utatembea porini ukiona majani tu. Tukasaini kitabu cha wageni, tukawaamkia wazee, tukaeleza nia. Mzee mmoja wa Kidigo, kofia ya mkono kichwani, akasikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza, "Sasa wanangu, vigingi si vimeshapigwa? Nyie mnakuja kutafuta kitu au mnakuja kukisindikiza?"

Watu wakacheka. Mwalimu alicheka pia, lakini nilimwona akiandika swali hilo kwenye daftari lake kabla hata hajalijibu. Alimjibu kwamba kigingi ni mti tu, mti hung'oka. Mzee akasema, "Inshallah," kwa sauti ya mtu aliyewahi kuona vigingi vingi.

Kutoka hapo tukaenda getini kwa mafunzo ya usalama. Kofia ngumu, reflekta, mabuti, na maelezo ya king'ora: mlio mrefu ni kujiandaa, milio mifupi ni baruti. Msimamizi alikuwa muungwana, akatupa kijana mmoja wa ulinzi awe anatembea nasi.

Mchana tukaanza mistari kwenye shamba la mkonge lililoachwa. Utaratibu ni mwepisi kueleza na mzito kufanya. Mnajipanga upande kwa upande, mita 15 kati ya mtu na mtu, kila mmoja anafuata dira yake, macho chini. Ukiona kitu unaweka bendera ndogo, unapiga nukta kwenye jipiesi, unaendelea. Mkonge haukubaliani na mistari iliyonyooka. Miba yake inakutoboa paja kisha inakungoja mstari ujao.

Mavuno ya siku: tako la chupa ya kijani, kipande cha reli nyembamba ya troli, na vigae vilivyosagika hata havisemi kitu. Sikushangaa. Mkonge ulifika pwani hii mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kwa miche hiyo Tanga nzima ikageuka shamba, na udongo ukalimwa kwa miongo mingi. Kwa hiyo kwenye mkonge, kutoona kitu juu si ushahidi kwamba chini hakuna kitu. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye rasimu ya ripoti leo leo, maana ndiyo ya kwanza kukatwa ripoti zinapofupishwa.

Jumanne

Leo tumetoka kwenye mkonge tukapanda kilima kinachotazama kijito. Mabadiliko unayaona kwa miguu: udongo mwekundu unakuwa mweusi na mlaini, majani yanapungua, na mibuyu inaanza. Mibuyu mitatu mikubwa pamoja, katikati ya vichaka, pwani hii humfanya mtu wa kazi yetu apunguze mwendo, kwa sababu mara nyingi husimama palipokuwa na watu.

Mwanafunzi mmoja ndiye aliyepiga kelele. Alikuwa amechutama kwenye mdomo wa shimo la mhanga, pale mnyama alipotupa udongo nje. Mhanga ni mchimbaji mzuri kuliko sisi, na haombi kibali. Katika udongo huo kulikuwa na kigae chenye upana wa vidole vitatu, kahawia nje, cheusi ndani, na punje za mchanga mweupe zikimeta mahali kilipovunjikia. Chini tu ya mdomo wa chungu, mfinyanzi alikwaruza kwa ncha kali pembetatu zinazofuatana, kisha akazijaza mistari ya mshazari. Pembetatu moja ilikuwa na mistari mitano, inayofuata minne, nafasi ilimwishia. Nilikishika kigae hicho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kukipiga picha.

Vyungu vya namna hii vinajulikana kuanzia kaskazini mwa Kenya hadi kusini mwa Tanzania, na bara pia. Profesa Felix Chami, katika kitabu chake cha 1994, alivipa jina kutokana na hizo pembetatu zilizokwaruzwa. Wengine huviita mapokeo ya Tana. Ni vya takriban mwaka 600 hadi 900. Waliovitumia walikuwa wakulima, wavuvi na wafua chuma, waliojenga kwa miti na udongo karne kadhaa kabla ya misikiti ya mawe tunayoijua. Nyumba zao hazikuacha kuta, ndiyo maana mpita njia huona kichaka tu. Nadhani hapa ndipo upimaji wa malikale unapodanganyika kwa urahisi: watu wanatafuta magofu, wasipoyaona wanaandika "hakuna".

Mpaka saa nane tulikuwa na bendera kilima kizima. Kigingi namba saba kimesimama katikati yake, kimepakwa rangi nyekundu.

Jumatano

Siku ya vishimo. Tulichimba kwa mstari kukatiza kilima, kila baada ya mita 20 shimo la nusu mita kwa nusu mita, sentimita kumi kwa kumi kwenda chini, na kila ndoo ya udongo kupita kwenye chekeche la waya wa milimita tano. Vijana wanne wa kijiji waliajiriwa kwa kazi hii, na kufika saa nne walikuwa wameshatuzidi. Mmoja, fundi mwashi, ananyoosha ukuta wa shimo kwa mwiko wake hadi unapenda kuutazama.

Mashimo ya kando yalitoka matupu. Lile la karibu na mbuyu wa kati lilianza kutoa vigae kwenye tabaka la pili. La tatu likaja na makombe ya baharini, yamevunjwa kwa kuliwa, si kwa kubebwa na maji, nasi tuko mbali na pwani kiasi kwamba lazima mtu aliyabeba. Kisha yakaanza mavi ya chuma.

Ambaye hajayaona, ni mabonge mazito ya kijivu yenye vitundu, yanayobaki pale mtapo, yaani mawe yenye chuma, unapoyeyushwa. Pamoja nayo tulipata vipande vya mirija ya udongo, ile ya kupitishia upepo wa mivuo hadi ndani ya tanuri. Kimoja ncha yake imeyeyuka na kuwa kama kioo cheusi. Mwalimu akakipitisha kwa kila mtu, akimwonyesha kila mmoja upande uliokuwa ndani ya moto.

Fundi mwashi akauliza kama hiyo maana yake kulikuwa na kiwanda hapa. Mwalimu akasema ndiyo, kwa kadiri ya watu wake. Kijana akautazama upande wa machimbo, ambako lori lilikuwa likimwaga mawe, akasema, "Kumbe hawa sio wa kwanza kuchafua hewa." Nimecheka mpaka nikapoteza hesabu ya ndoo.

Mkaa tumechukua kwa ajili ya kupima umri, umefungwa kwenye karatasi ya alumini na kuandikwa tabaka lake. Mashimo yote yamefukiwa jioni. Ng'ombe hupita hapa.

Alhamisi

Asubuhi tulikwenda pangoni. Kwenye ramani ya kampuni pameandikwa "uwazi kwenye mwamba", ambalo ni jina la mtu ambaye hajawahi kuingia.

Mwamba wote wa huku ni chokaa ya zama za Jurasiki, ule ule uliochongwa na maji ukawa Mapango ya Amboni kule Kiomoni, kaskazini ya mji. Amboni yanalindwa na serikali tangu 1963, na ndani yake kuna mahali watu huenda kufanya tambiko mpaka leo. Hili letu ni dogo, halina kibao wala kiingilio, ila lina mwenyewe. Mwenyekiti alitupeleka kwanza kwa bibi anayelitunza. Tukamwamkia, akatukalisha ukumbini, akatuuliza mmoja mmoja tumetoka kwa nani. Mwalimu alipotaja upande wa mama yake, Korogwe, bibi akamwita mjukuu na mambo yakalainika.

Masharti: viatu nje, wanawake na wanaume sawa, picha hapana hadi aseme yeye, na asiguse mtu kitu. Ndani palikuwa na baridi. Mbele kabisa, kwenye jiwe lililo bapa, kulikuwa na vyetezo, vitambaa vyeupe na vyekundu na vyeusi vimefungwa kwenye mizizi iliyopenya paa, chupa za marashi, sarafu. Sarafu nyingine za karibuni, nyingine zina tundu katikati, za enzi ya Mwingereza. Na chini ya hayo yote, kando ya ukuta, vipande vidogo vya jiwe jeupe linalometa, vyenye makali, vya aina isiyotoka kwenye chokaa. Mwalimu alichutama akavitazama bila kunyoosha mkono. Alipotoka tu ndipo akasema kwamba ni kwatzi, jiwe gumu la kung'aa, iliyochongwa kuwa zana, na kwamba pango hili huenda lilikuwa na watu wa zamani zaidi kuliko wale wa kilima cha vigae.

Kisha saa nane kasoro king'ora kikalia. Tulikuwa tumeshatoka, tumekaa chini ya mkwaju, mita mia kadhaa. Baruti ilipolia nilihisi ardhi ikisukuma nyayo, na kutoka mdomoni mwa pango likatoka wingu jembamba la vumbi. Bibi hakusema kitu. Alinyanyua kidole akahesabu: "Hiyo ya leo ndogo."

Njiani kurudi mwanafunzi mmoja akatusimulia habari ya Juukan, Australia. Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango mawili yaliyokuwa na dalili za watu kwa miaka 46,000, ili kufikia chuma. Mkurugenzi mkuu aliondoka kwa sababu hiyo. Linalonisumbua mimi kwenye kisa hicho ni ratiba. Ruhusa ya kulipua ilitolewa 2013. Uchimbuzi ulioonyesha thamani ya pale, pamoja na kipande cha nywele za binadamu zilizosukwa cha miaka 4,000 hivi kilichoonyesha ukoo na wenyeji walio hai, ulifanyika 2014. Ujuzi ulikuja, lakini karatasi ilishapita. Nikakumbuka swali la mzee wa Jumatatu.

Nyuki walitufukuza kwenye mistari ya alasiri, tukakimbia kama askari wa Mwingereza waliokuja kupigana na Mjerumani Novemba 1914, ambao nao Tanga iliwapokea kwa risasi na nyuki pamoja. Hakuna aliyeumia sana. Kazi ikaishia hapo.

Ijumaa

Nusu siku. Baada ya sala ya Ijumaa mwalimu akatuchukua Tongoni, kusini ya mji kwenye barabara ya Pangani, kwa hoja kwamba wanafunzi wanatakiwa kuona chokaa ikiwa kazini.

Nimewahi kufika Tongoni, lakini sikuwahi kuitazama kwa jicho hilo. Msikiti wa karne ya 15, paa halipo, mihrabu bado inasimama. Pembeni makaburi zaidi ya arobaini, mengi ya nguzo, nguzo nyingi zimeanguka na zimelala zilipoangukia. Kwenye nguzo kuna mashimo ya duara yalimokuwa mabakuli ya Kichina. Yamebanduliwa zamani, zimebaki alama zake kwenye lipu. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita 1857 akasimulia kigae chenye maandishi ya Kiajemi kwenye kaburi mojawapo. Nje ya mwambao huu, sehemu ya Mtangata, Vasco da Gama aliichoma moto jahazi yake São Rafael Januari 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha merikebu tatu.

Mwalimu hakuyakalia hayo. Alituita kwenye ukuta uliomeguka, akatuonyesha lipu. Mawe ya matumbawe yalichimbwa, magogo yakapangwa duara, mawe yakawekwa juu yake, moto ukawashwa ukala hadi magogo yakaisha na mawe yakaiva. Kisha chokaa huachwa inywe maji kwa miezi kabla ya kutumika. Katika lipu ile uliweza kuona punje nyeusi za mkaa wa tanuri lenyewe, zimenaswa humo tangu siku ilipopakwa. Mwanafunzi alitaka kuidonoa moja ili ipimwe umri. Afisa wa malikale alikohoa, na mkono ukarudi mfukoni.

Niliipenda ziara hii kwa sababu iliondoa unafiki fulani kichwani mwangu. Watu wa pwani wamechimba na kuchoma chokaa kwa karne nyingi, misikiti yetu imesimama juu ya machimbo. Sina ugomvi na saruji. Nyumba ya mama yangu ni ya saruji. Ninachogombea ni nani anatangulia kufika, mpimaji wa mwamba au sisi.

Jumamosi

Makaburi. Tuliyaacha mwisho kwa sababu wazee walitaka wawepo wenyewe. Yako upande wa chini wa mibuyu: mafungu ya mawe yasiyo na maandishi, baadhi yana alama kichwani na miguuni, na mengine mapya yana vibao vya saruji vyenye majina. Familia zinazozika hapo zipo kijijini.

Hapa ndipo sheria zinapopishana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya 1863. Kilima cha vigae kinaingia, zana za pangoni zinaingia. Kaburi la babu aliyefariki 1950 haliingii, wala vitambaa vya bibi, isipokuwa waziri atangaze. Lakini Sheria ya Madini ya 2010 haimruhusu mwenye leseni kufanya kazi kwenye ardhi iliyotengwa kwa maziko bila idhini ya maandishi. Kwa hiyo kaburi jipya lina ngome kuliko pango lenye tambiko la leo. Mimi ningelipa pango hilo nafasi ya kwanza kuliko vyote, kwa kuwa vigae vikishachimbuliwa kitaalamu maelezo yake yanabaki, na mzimu ukihamishwa haubaki kitu.

Alasiri tulikutana na mhandisi wa upanuzi ofisini kwake, mwenyekiti na yule mzee wakiwepo. Nilifungua ramani kwenye kompyuta: mkonge rangi ya kijani, usichimbe bila mtu wa malikale kusimama pale udongo wa juu unapoondolewa, kilima cha mibuyu nyekundu, pango nyekundu na duara la kuzuia baruti hadi mtaalamu wa mitetemo apime, makaburi nyekundu na njia ya wafiwa kupita. Mhandisi hakubisha kuhusu makaburi. Kuhusu pango alitaka kujua duara ni mita ngapi na kwa vigezo gani, swali la haki, na tukakubaliana lijibiwe kwa vipimo. Kuhusu kilima alishusha pumzi. Chini ya mibuyu ile, alisema, ndiko mawe yaliko safi zaidi.

Mwalimu akamweleza njia mbili: kuhamisha mpaka, au kulipia uchimbuzi kamili wa kilima, misimu kadhaa, na vitu vyote kwenda kuhifadhiwa serikalini, kabla jembe la tingatinga halijagusa. Akamwonyesha na gharama ya kila njia. Mhandisi alitazama tarakimu za pili kwa muda, akachukua kalamu, akazungushia vigingi namba sita, saba na nane, akasema ataomba makao makuu vihamishwe mashariki ya kijito.

"Ataomba," mzee akarudia.

"Nitaomba, baba. Si mimi ninayesaini."

Mzee akataka iandikwe kwenye muhtasari, pamoja na tarehe ya jibu. Imeandikwa. Akataka nakala ibaki ofisi ya kijiji. Imepigwa chapa pale pale. Sisi tunarudi baada ya masika, jibu likiwepo au lisiwepo, kumalizia mistari ambayo nyuki walitunyima na kupanua shimo la mavi ya chuma. Fundi mwashi ameshaniuliza kama malipo ya siku yatabaki yale yale.